Bei ya haki ya fuawe la mtumba: unanunua uso, kilo baadaye

Fuawe ni lile chuma zito ambalo mhunzi hufulia vyuma juu yake. Ubavuni mwa mafuawe mengi ya zamani kutoka Uingereza kumegongwa namba tatu zilizoachana, mfano 1 · 1 · 6. Muuzaji wa Gerezani, Dar es Salaam, huzisoma kwa mkupuo: "Hili kilo 116, bosi." Sivyo. Namba ya kwanza ni handredweiti ya Kiingereza, yenye ratili (pauni za uzito) 112. Ya pili ni robo zake, kila robo ratili 28. Ya tatu ni ratili zilizobaki. Jumlisha 112, 28 na 6 upate ratili 146, yaani kilo 66 na kidogo. Anayelipia 116 ametoa hela ya kilo 50 za hewa.

Ya Marekani, kama Hay-Budden, kwa kawaida huandikwa ratili moja kwa moja. Ya Ulaya bara, yale yenye pembe mbili, moja ya duara na nyingine bapa, mara nyingi ni kilo. Namba ikifutika usibishane na mtu. Wanunuzi wa chakavu wana mizani, mpe chochote mpime.

Sasa dhana yenyewe. Bei ya haki ya fuawe la mtumba ni kiasi kilicho kati ya mipaka miwili. Mpaka wa chini ni bei ya chakavu: kilo zote mara bei ya siku hiyo. Hakuna muuzaji mwenye akili atakayeshuka hapo, maana lori la chakavu linamsubiri. Mpaka wa juu ni gharama ya fuawe jipya la feleji, yaani chuma kigumu (stili), lenye uzito huohuo likiwa limeshafika Dar es Salaam, pamoja na usafiri na ushuru. Mapatano yote yanafanyika katikati, na kinachoisogeza bei juu au chini ni hali ya uso, ile sehemu bapa ya juu inayopokea nyundo.

Mafuawe mengi ya zamani yana mwili wa chuma laini na juu yake bamba la feleji lililounganishwa kwa moto, unene wake kama milimita 12. Bamba hilo ndilo mali. Kilichobaki ni uzito wa kulituliza.

Kulipima kunahitaji gololi ya beringi ya milimita 25 na rula. Safisha kwanza kwa msasa mahali pa ukubwa wa kiganja, kwa sababu rangi na kutu hula mruko. Simamisha rula, achia gololi kutoka sentimita 25 bila kuisukuma, uangalie inarudi hadi wapi. Ikirudi sentimita 20 au zaidi, uso ni mzima. Kati ya 15 na 20, fuawe linafaa kazi nyingi za kila siku. Chini ya nusu, ama feleji imelainika, ama ni chuma cha kumimina kama kile cha mifuniko ya maji taka, kilichopakwa rangi ya bluu kikaonekana cha maana. Pima juu ya kiuno, ile sehemu nyembamba ya mwili, katikati, kisha nyuma karibu na tundu la mraba. Huko nyuma mruko hupungua kidogo kwa sababu chini hakuna nyama. Pembe usiihukumu kwa gololi, kwa kawaida ni laini.

Mlio nao husaidia, lakini unadanganya. Gonga kwa nyundo ndogo: fuawe zima hulia kama kengele. Likikwaruza kama sufuria yenye ufa, huenda bamba limeachia mahali. Ila Fisher za Marekani, zenye mwili wa chuma cha kumimina na uso wa feleji, hazilii kabisa, na bado gololi hupaa vizuri. Wapo waliozikataa kwa ububu wao tu.

Kuna maradhi matatu yanayofichwa vizuri kuliko mengine. La kwanza ni moto. Fuawe lililokuwa ndani ya karakana iliyoungua hupoteza ugumu wake, na kwa macho huoni kitu. Gololi itakwambia.

La pili ni grenda. Uso unang'aa kama sinia la harusi, muuzaji anasema "limefanyiwa sevisi". Pangusa ubavu kwa mafuta ya taa, utafute mstari wa kiungo chini ya uso, upime kutoka hapo hadi juu. Ukikuta milimita 5 au 6, nusu ya mali imeshageuka vumbi. Bora uso ulioingia ndani kidogo kuliko ulionyooshwa kwa jiwe. Bonde la milimita 2 au 3, ukiweka rula ya chuma juu, halimzuii fundi wa majembe wala wa mageti. Anayefua visu ndiye atakayelalamika.

La tatu ni welding. Kona zilizovunjika hujazwa kwa vijiti vya kawaida bila kupasha fuawe moto kwanza. Chuma kikubwa baridi hunyonya joto ghafla, na pembeni mwa welding hubaki ukanda mkavu unaopasuka baadaye kwa nyundo. Pitisha tupa polepole ukingoni: penye feleji nzima itateleza, penye welding laini itauma na kutoa unga. Kona zilizomong'oka kiasi, lakini hazijaguswa, zina thamani kubwa kuliko kona kali za welding. Kipande cha sentimita 10 cha ukingo mzuri kinatosha kazi nyingi.

Tuchukue namba za kufanyia hesabu tu: chakavu shilingi 1,000 kwa kilo, jipya 15,000 kwa kilo. Fuawe letu la kilo 66 lina mipaka ya 66,000 na 990,000. Uso mzima wenye kona nzuri unastahili asilimia 60 hadi 70 ya bei ya jipya, yaani kati ya 594,000 na 693,000. Likiwa na bonde dogo na ukingo mmoja umeliwa, lakini gololi inaruka, nusu, 495,000. Gololi ikifa, lipa mara mbili ya chakavu na usizidi. Bado litafaa kukunjia nondo.

Usinunue uzito usiouhitaji. Kwa kawaida fuawe la mara 50 ya nyundo linatosha: nyundo ya kilo 1, fuawe la kilo 50. La kilo 120 linahitaji guta na watu wanne, na gharama hiyo iingize kwenye bei kabla hujashikana mkono.

Kipande cha reli ni mbadala halali kwa anayeanza, kikisimamishwa wima ili uzito wote ukae chini ya pigo. Nusu mita ya reli nzito ya kilo 60 kwa mita ni kilo 30. Hapa, kabla ya gololi, dai karatasi ya mauzo inayoonyesha kilikotoka. Reli iliyong'olewa njiani ni mali ya umma, na polisi wakiikuta kwako watakuuliza wewe, si yule wa pale Gerezani.