Tatizo si Wahungari kwenye kichwa cha habari

Ikitokea ajali ya watalii, hakosi msomaji wa kutuambia wahariri tunaabudu wazungu. "Mbona mmeanza na Wahungari, rubani Mkenya mkamweka mkiani?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Chukua ajali ya Kwale, Oktoba 28, 2025. Ndege ndogo iliyotoka Diani kuelekea Maasai Mara ilianguka, wakafa watu 11: Wahungari 8, Wajerumani 2 na rubani Mkenya. Saa za mwanzo dawati halina majina, lina matamko tu, tena yanayopishana: Mamlaka ya Usafiri wa Anga ilitaja watu 12, kampuni yenye ndege ikasema 11. Uraia huwahi kutoka kwa sababu balozi zinaulizia watu wao, na majina hayaandikwi mpaka ndugu waambiwe. Hiyo ni kazi ya kawaida.

Mimi hukereka na aya ya tatu, ya chanzo cha ajali. Siku ya kwanza lazima apatikane mkubwa wa kusema hali ya hewa ilikuwa mbaya, nasi tunaichapa hivyohivyo. Hewa haina wakili wala haitupi matangazo. Lakini kwa kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga (Kiambatisho cha 13), ripoti ya awali hutakiwa ndani ya siku 30, na ya mwisho, ikiwezekana, ndani ya miezi 12. Tena lengo la uchunguzi huo ni kuzuia ajali nyingine, si kumnyooshea mtu kidole, kwa hiyo mwandishi anayengoja ripoti imtajie mkosaji atangoja sana. Inabidi aisome mwenyewe: matengenezo, uzito, saa za rubani, nani aliruhusu safari. Wangapi huisoma?

Lawama yenu ina mashiko Kilimanjaro. Desemba 24, 2025, helikopta ya uokoaji ilianguka karibu na kambi ya Barafu, wakafa watu 5: watalii 2 kutoka Jamhuri ya Czech, rubani, daktari na mwongoza watalii. Habari za namna hii humpa mtalii nchi na umri, mwenyeji akaachiwa kazi yake tu. Tukimsitiri jina, ni heshima au uvivu wa kutokwenda nyumbani kwao? Hapo sina jibu safi.

Na ripoti ya mwisho nikiiweka ukurasa wa mbele mwaka mzima baadaye, sina hakika kama itasomwa. Simu ya kuiulizia sijawahi kupokea hata moja.