Ngao ya mbele ya Land Cruiser: anza na chesisi, picha baadaye

Wateja wengi wanaokuja karakana kuagiza ngao, yaani fremu ya mabomba ya chuma inayofungwa mbele ya gari, huanza na picha kwenye simu. "Fundi, nataka kama hii." Gari limepigwa picha Australia, limesimama mchangani, ngao ina pembe kali na taa nne juu. Sina ugomvi na picha. Ila mimi huwa naanza kwa kuingia chini ya gari lake na tochi, kwa sababu ngao inaweza kuwa imara kuliko gari zima na bado ikang'oka siku ya kazi, kisa tu ilishikizwa mahali pasipofaa.

Kazi zangu nyingi ni Land Cruiser za utalii hapa Arusha, pikapu za modeli ya 79 zilizorefushwa na Hardtop za modeli ya 78, kwa hiyo nitazungumzia hizo zaidi. Madereva wengi hudhani ngao ni kwa ajili ya nyati wa Serengeti. Hapana. Hifadhini mwendo wa juu ni kilomita 50 kwa saa na dereva anatembea macho nje akitafuta wanyama. Hatari iko kwenye lami: Makuyuni kuelekea Babati jioni ng'ombe wanaporudi bomani, au barabara ya Morogoro–Iringa inapokatiza Hifadhi ya Mikumi. Mnyama yule yule ukimgonga kwa 100 badala ya 50, nguvu ya kugonga ni mara nne, si mara mbili. Kwa mwendo huo hakuna ngao inayoliacha gari likiwa jipya. Unachoomba ni rejeta isipasuke na taa zisizimike, ili uweze kufika mahali penye watu.

Sasa chesisi. Bodi ya Land Cruiser imekaa juu ya vipande vya mpira, na chesisi, fremu ya chuma inayobeba gari zima, iko chini yake. Kwenye barabara mbovu kila kimoja kinacheza kivyake. Nimeletewa ngao nyingi ambazo miguu yake ya chini imefungwa kwenye chesisi lakini mabawa yake yameshikizwa kwenye madigadi. Baada ya miezi michache ya mawimbi ya barabara ya Naabi, lango la Serengeti, madigadi yanachanika au weldingi inaachia. Ngao ishikwe na chesisi peke yake, na kati yake na bodi ibaki nafasi ya milimita 20 hivi kila upande. Wateja wanaiona nafasi hiyo kama uzembe wa fundi. Mimi siizibi.

Pleti za kushikia nakata za milimita 6 hadi 8, zikumbatie ncha za chesisi ubavuni, siyo zigusane nazo kwa mbele tu. Mgongano ukija kutoka pembeni, pleti iliyofungwa kwa mbele pekee hujikunja kama mfuniko wa kopo. Na usimruhusu mtu achomelee ngao moja kwa moja kwenye chesisi. Moto wa weldingi unadhoofisha chuma cha chesisi kando ya mshono, na siku ngao ikipinda utalazimika kuikata, gari likiwa mahututi. Bolti zinatosha, mradi ziwe bolti za kweli: tazama kichwani, iandikwe 8.8 au 10.9, alama za uimara wa chuma chake. Isiyo na maandishi ni ya kufungia mlango wa banda. Jambo la kuudhi ni kwamba matundu mengi ya Toyota yana uzi mwembamba, M12 ya 1.25 (bolti ya milimita 12, uzi mmoja hadi mwingine milimita 1.25), wakati M12 ya kawaida madukani ni 1.75. Fundi mwenye haraka huipiga ile ya 1.75 kwa nguvu mpaka inaingia, ikiwa imeshakula uzi wa chesisi.

Kuhusu bomba, mteja ana haki ya kuuliza unene wa ukuta wake, na anayo njia rahisi ya kuhakiki: mzani. Bomba la chuma la inchi 2 lenye ukuta wa milimita 3 lina kilo 3.5 kwa kila mita. La milimita 1.5 halifiki kilo 2. Kwa nje, yakishapakwa rangi, hutayatofautisha kwa macho. Omba kipande kabla hakijachomelewa, kipimeni pamoja. Wapo pia wanaotumia bomba la maji lililopakwa zinki kwa sababu linapatikana kila duka la vifaa. Zinki ikiungua mshono unajaa vitundu, na moshi wake unamlaza fundi na homa. Silitumii hata nikiombwa.

Kona za bomba ziwe zimepindwa kwa mashine. Pale bomba linapokutana na pleti, pawekwe kipande cha pembetatu cha kuimarisha, kwa maana nyufa nilizoziona zilianzia pale pale, milimita chache kando ya mshono.

Uzito ndio unaosahaulika kuliko vyote. Chukua ngao ya kilo 60 na winchi, mtambo wa kamba wa kulivuta gari lililokwama, ya kilo 35, jumla 95. Kwa kuwa vinaning'inia mbele ya ekseli, tuseme sentimita 90 mbele yake, ekseli ya mbele ya 79 isiyorefushwa, ambayo iko mita 3.18 kutoka ile ya nyuma, inabeba karibu kilo 122. Ekseli ya nyuma inapunguziwa kilo 27. Yaani ni kama umempakia mtu mnene juu ya bampa na humshushi tena. Springi za mbele zikichoka gari linainamia mbele, taa zinamulika chini, na breki za mbele zinaisha haraka. Kwa hiyo bei ya ngao nzito iwe pamoja na springi ngumu zaidi na shokapu zinazolingana nazo. Kama bajeti haifiki huko, nashauri ngao ndogo isiyo na winchi. Alumini ni nyepesi, lakini ikipasuka porini hutampata wa kuichomelea, na kwa gari la kazi hilo linanitosha kuikataa.

Winchi ikiwepo, ngao inabadilika kuwa chombo cha kuvutia gari zima. Winchi ya ratili 9,500 inaweza kuvuta kilo 4,300, na nguvu hiyo yote inapita kwenye bolti nne na pleti moja. Winchi nyingi zina matundu ya milimita 254 kwa 114, kwa hiyo pleti ikitobolewa vizuri unaweza kubadilisha winchi bila kubadilisha ngao. Kabla ya kulipa, ingiza mkono uone kama unafika kwenye kile kitasa cha kulegeza kamba. Kuna ngao nzuri sana kwa sura ambazo kitasa kimefichwa nyuma ya bomba, na mwenyewe hugundua akiwa amezama kwenye udongo mweusi wa Ndutu wakati wa masika. Tundu za kufungia kamba ya kuvutwa nazo zitoke kwenye pleti za chesisi, kamwe zisichomelewe kwenye bomba la juu.

Magari yenye mifuko ya hewa, kama Prado, Hilux na Fortuner za sasa, siyatengenezei ngao ya kubadilisha bampa zima. Sehemu ya mbele imeundwa ijikunje kwa kiasi fulani, na vihisi vinasoma mshtuko huo ndipo mifuko ifyatuke kwa wakati wake. Nikiweka chuma kigumu pale, sina mtambo wa kupima kama mfuko utawahi au utachelewa. Kampuni kubwa za Australia, kama ARB, hupima hilo na kuuza ngao maalumu kwa kila modeli. Ghali, ndiyo. Nunua hiyo, au baki na bampa la kiwandani.

Kisha kuna waenda kwa miguu, ambao hawaonekani kwenye zile picha za simu. Ulaya ilitunga sheria ya ngao hizi mwaka 2005, ili kuwalinda waenda kwa miguu, na India ilizipiga marufuku kwenye magari mwaka 2017. Gari langu hupita katikati ya Mto wa Mbu, palipojaa baiskeli na bodaboda, kwa hiyo siweki ncha kali, wala bomba lililokatwa wazi, wala vile vyuma vya kushikia bendera. Kama gari lako haliendi nje ya jiji, huhitaji ngao.

Mengine ni madogo. Taa nyingi mbele ya grili zinaiba upepo wa rejeta, mbili zinatosha. Namba ya gari na indiketa zionekane. Mdomo wa chini wa ngao usishuke: vuta kamba kutoka pale tairi linapogusa ardhi hadi mdomo huo, uone kama gari bado litapanda kingo za korongo. Ukishafungiwa, chora mstari wa rangi kutoka kwenye kila nati hadi kwenye pleti. Baada ya safari ya kwanza ya vumbi, chungulia chini. Mstari uliokatika ni nati iliyozunguka, irudishe na spana kabla hujatoka tena.