Bomba kwenye matope ya Tudor halitafuti mafuta

Ukipita Mikindani, Mombasa, kando ya hori la Tudor, maji yakiwa yamekupwa, huenda ukamkuta mwanafunzi wa uzamili amezama hadi magotini kwenye mikoko, anasukuma bomba la chuma matopeni. Wapita njia hunong'onezana: hayo ni mafuta, au madini. Siyo. Bomba hilo huishia mita chache tu. Visima vya mafuta kwa kawaida huhesabiwa kwa kilomita.

Anachotafuta ni kaboni, ile ambayo mikoko huivuta kutoka hewani. Na hapa hata waliosoma hukosea, wakidhani imejaa kwenye miti. Sehemu kubwa imo chini. Majani na mizizi ikifa huzikwa kwenye tope lisilo na hewa, ikaoza polepole mno, hata karne zikapita. Ile harufu ya mayai viza ni ya vijidudu vinavyoishi bila oksijeni. Mikoko ikikatwa na tope likapata hewa, kaboni huanza kurudi angani.

Tope hutunza kumbukumbu ya yaliyopita pia, tabaka juu ya tabaka. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kwenye hori la Mwache, pia Mombasa, ukafukia mizizi ya kupumulia, na mikoko ikafa.

Wala kazi hii si matembezi. Mwanafunzi husubiri bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa zaidi, maana maji mafu hayapwi vya kutosha, na saa chache baadaye bahari inarudi. Kisha maabara: kukausha tope, kupima, kuchoma, wiki nzima nzima. (Kutofautisha mchu na mkandaa, aina mbili za mikoko, kwa mbali, mwenye akili huwauliza wavuvi.)