Posti 2 haiko kushuti tu

Nimechoka kusikia hii maneno ku antrenema ya basket. Batoto banabishana nani mkubwa kupita bote ku posti 2, ile nafasi ya shuta wa timu, Jordan ao Kobe, Wade ao Harden, na mwenye kushinda ni yule anajua hesabu ya pointi, kisha anaingia ku kiwanja akiamini kazi yake ni kushuti, defansi ni ya barefu. Hapana, hapana kabisa!

Najua inatoka wapi. Siye bashujaa betu ba NBA, ligi ya basket ya Amerika, ni barefu: Mutombo alipataka taji ya mlinzi bora mara 4, Biyombo alizaliwa hapa hapa Lubumbashi, bote sifa yao ni kufukuza mipira chini ya panye (kikapu). Basi mtoto wa 1m80 anasema mi siko Mutombo, nipe tu mpira. Lakini angalia Jordan msimu wa 1987-88: aliongoza ligi yote, pointi 35 kila mechi, na msimu ule ule bakamupa na taji ya mlinzi bora! Aliiba mipira 259, akabloka mashuti 131. Kobe naye, bote banaimba pointi 81 zenye alifungia Toronto mwezi wa kwanza 2006, hakuna anasema kama aliingiaka mara 12 mu timu ya balinzi bora ba ligi. Na Wade, mtu wa 1m93, alibloka mashuti zaidi ya 800. Posti 2 njo mwenye kupewa shuta mkali wa bale bengine amukabe mechi yote, na mpira wenye umemuibia ni panye rahisi, unakimbia peke yako hadi kule. Njo maana antrenema yangu inaanzaka bila mpira, miguu kwanza, magoti chini, na macho ku kiuno ya mtu, juu kichwa na mabega vinadanganya, kiuno hakiwezi.

Uongo ingine: eti Jordan alifukuzwa ku basket ya masomo. Hakufukuzwa. Mwaka 1978 kule ku masomo yake ya Laney bakamuweka mu timu ya badogo, nafasi ya mu timu kubwa ikaenda kwa mwenzake Leroy Smith juu alikuwa mrefu kumupita. Alicheza mwaka muzima.

Eti pete za ubingwa njo zinaamua yote. Robert Horry ako na 7, Jordan 6, sasa Horry anamupita? Jerry West alipata moja tu, 1972, na mu fainali ya 1969 timu yake ilipoteza lakini bakamuchagua yeye mchezaji bora.

Curry ni menere, posti 1, mwenye kuongoza mchezo. Mumutoshe mu hii mabishano.

Harden, sawa, MVP (mchezaji bora wa ligi) wa 2018, pointi mingi sana, mashuti anajua. Lakini kwangu ako nyuma ya Wade, na mbali, juu Wade alikuwa anacheza pande zote mbili za kiwanja.