Mazoezi ya Kiuno na Tumbo: Yanaufanyia Nini Moyo?

Swali: Mkulima anayeshinda shambani ameinama na jembe, au mama anayebeba jerikeni la lita 20 kutoka kisimani, ana haja gani tena ya mazoezi ya kiuno?

Jibu: Kazi hizo huitumikisha misuli, lakini haziigawii mzigo kwa haki. Pingili tano za kiuno hushikiliwa na misuli ya mgongo kwa nyuma, ya tumbo kwa mbele na ubavuni, kiwambo cha kupumulia kwa juu, na misuli ya sakafu ya nyonga kwa chini. Anayepalilia migomba tangu alfajiri huichosha ile ya nyuma katika mkao mmoja, na dereva wa bodaboda hushinda mgongo umepinda, akipokea kila mtikisiko wa barabara. Mazoezi huizoesha misuli yote kufanya kazi pamoja na kustahimili kwa muda mrefu, jambo ambalo kwa maoni yangu lina faida kubwa kuliko nguvu za kuinua vitu vizito.

Swali: Nina presha, na nimeambiwa kwamba mazoezi ya kujikaza huipandisha. Je, niyaache?

Jibu: Uliyoambiwa ni kweli, ila ni nusu ya habari. Msuli unapokazwa bila kusogea, kama vile mtu anapojiinua kwa viwiko na vidole vya miguu huku mwili umenyooka, huibana mishipa midogo ya damu iliyo ndani yake, na moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Mtu akizuia pumzi mambo huzidi: mgandamizo wa kifuani hupanda, damu inayorudi moyoni hupungua, na presha huyumba juu na chini, ndiyo maana wengine hupatwa na kizunguzungu. Mwaka 1985 watafiti wa Kanada waliwapima wanyanyua vyuma watano waliozoea kazi hiyo, na walipokuwa wakisukuma uzito mkubwa kwa miguu yote miwili, presha yao ilifika wastani wa 320 kwa 250. Mazoezi ya mkekani hayafiki huko hata kidogo, lakini kanuni ya pumzi ni ile ile.

Nusu ya pili ni hii. Msuli unapoachiwa, damu hurudi kwa wingi, na kuta za mishipa hutoa gesi ya naitriki oksaidi inayoilegeza. Zoezi likirudiwa kwa majuma kadhaa, presha ya mtu akiwa ametulia huanza kushuka. Uchambuzi wa majaribio 270, uliochapishwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba mazoezi ya kukaza misuli bila kusogea yalishusha namba ya juu ya presha kwa takriban milimita 8 za zebaki (kipimo cha presha), na namba ya chini kwa 4. Hata hivyo, mazoezi yaliyopimwa zaidi yalikuwa kukamua kifaa kwa mkono, kukaza miguu, na kuchuchumaa mgongo ukiegemea ukuta, kwa hiyo asitokee mtu wa kukuuzia mazoezi ya kiuno kama dawa ya presha.

Basi usiyaache, mradi presha yako imedhibitiwa. Kaza kwa sekunde 10 hivi, upumzike, urudie, huku ukihesabu kwa sauti, kwa kuwa anayehesabu kwa sauti hawezi kuzuia pumzi. Vidonge uendelee kuvimeza. Ukipimwa ukakutwa na 180 kwa 110 au zaidi, ahirisha mazoezi na uende kliniki.

Swali: Je, yanatosha kwa moyo, na yanaondoa kitambi?

Jibu: Hayatoshi. Shirika la Afya Duniani hushauri watu wazima wapate angalau dakika 150 kwa wiki za kutembea haraka au shughuli inayolingana na hiyo, pamoja na siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli. Kitambi nacho hakichagui kuyeyuka mahali palipofanyiwa zoezi. Hupungua mwili mzima unapopungua.

Swali: Nianze na lipi?

Jibu: Piga magoti, weka viganja chini, kisha nyoosha mkono wa kulia pamoja na mguu wa kushoto, halafu ubadilishe. Zoezi jingine ni kulala chali, magoti yakiwa yamekunjwa, na kuinua nyonga taratibu. Epuka kuinama sana mara tu unapoamka, kwa sababu diski za mgongo, yaani vipande laini vilivyo kati ya pingili, hufyonza maji usiku na asubuhi huwa zimejaa.

Swali: Ni maumivu gani ya mgongo yasiyopaswa kutibiwa kwa mazoezi?

Jibu: Yanayoambatana na ganzi kati ya mapaja, kushindwa kuzuia mkojo au choo, au miguu kulegea; huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Maumivu yasiyoisha, yenye homa, jasho la usiku na kukonda, yachunguzwe kwa ajili ya kifua kikuu, ambacho bado kipo kwa wingi Uganda na huweza kuingia hata kwenye uti wa mgongo. Maumivu ya kifua wakati wa zoezi yana maana ya kuacha papo hapo na kutafuta matibabu bila kuchelewa.