Njia ya besi si ya mkimbiaji

Jumamosi hii tena, baba mmoja, ambaye binti yake nilimtoa kwa kumgonga mdakaji, kanifuata hadi kwenye wavu: "Mwamuzi, binti yangu alikuwa kwenye njia yake! Wala hakukusudia!"

Ndugu yangu, njia ipi? Kati ya besi ya kwanza na ya pili, vile vituo vya mkimbiaji, hakuna hata mstari wa chokaa. Nachezesha softiboli ya wasichana hapa Marekani, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbilia besi, na kila msimu nasikia wimbo huohuo.

Mpira ukishapigwa, na shotistopu, mdakaji wa kati ya besi ya pili na ya tatu, yuko mbioni kuudaka, njia ni yake yeye. Mkimbiaji ampishe. Apite nyuma, apunguze mwendo, asimame kabisa, shauri yake. Akimgonga, au akimfanya asite, ni auti, yaani anatolewa. Besi za watoto zimeachana futi 60 tu, kwa hiyo wawili hao wanakutana kila mara, na nia haiulizwi.

Hapo makocha nao hudakia: "Akizunguka mtampa auti kwa kutoka nje ya njia!" Aa, jamani. Zile futi 3 anazoruhusiwa kutoka nje ya njia zinahesabiwa pale tu mwenye mpira anapojaribu kumgusa mkimbiaji. Na hata hapo, kanuni za Little League, ligi ya watoto, zinamsamehe anayekwepa kumzuia mdakaji. Yaani kitabu chenyewe kinamwambia mtoto azunguke, halafu kocha wake anamkataza!

Nia inaulizwa kwenye mpira uliorushwa. Mtoto anakimbilia besi ya pili, mpira wa mdakaji unamgonga mgongoni: mchezo unaendelea, ila kama aliinua mkono makusudi. Wazazi wamezichukua sheria hizi mbili wakazipikia chungu kimoja.

Mengine upesi. Aliyekanyaga besi yake halazimiki kuiacha. Hapati auti mpaka azuie kwa makusudi. Mdakaji anayelindwa kwa mpira uliopigwa ni mmoja tu. Yule mwingine aliyesimama kumtazama mwenzake huku kaziba njia, kosa ni lake, si la mkimbiaji. Ukitoa auti ya kuzuia, mpira umekufa, yaani mchezo unasimama, na wakimbiaji wengine hawasogei kwa faida ya kosa hilo.

Kinachoninyima usingizi ni mpira uliomponyoka mdakaji. Waamuzi tunafundishwa kwamba bado analindwa ikiwa mpira uko hatua moja na mkono ulionyooshwa kutoka alipo. Sawa, lakini hatua ya nani? Mtoto wa miaka 10 anaupiga teke bila kujua, unadunda, anaufuata kwa magoti, na mkimbiaji keshafika. Nina sekunde moja, na vumbi machoni. Nimewahi kutoa auti hapo, na wiki mbili baadaye, kwa tukio ambalo naona lilikuwa lilelile, nikaacha mchezo uendelee. Moja kati ya hizo nilikosea, na mpaka leo sijui ni ipi.

Yule baba hakuuliza hilo. Angeuliza, angenishika.