Mwamuzi wa Ligi Kuu ya Uskoti na deni la maelezo

Katika mafunzo ya waamuzi ninayoyaendesha, mifano ninayoitumia mara nyingi haitoki Uingereza, ambako karibu kila mwanafunzi wangu anafuatilia klabu fulani kila wiki. Inatoka Uskoti. Ligi ile ina klabu chache, waamuzi wake wanajulikana kwa sura na kwa majina, na mashabiki wanakumbuka uamuzi wa miaka kumi iliyopita kana kwamba ulitolewa jana. Nimeichunguza kwa muda mrefu, na kinachonivutia ni kwamba misukosuko mikubwa iliyowapata waamuzi wa huko haikutokana sana na filimbi iliyopulizwa vibaya. Ilitokana na maelezo yaliyotolewa baada ya filimbi, au na kukosekana kwa maelezo hayo.

Mfumo wenyewe wa ligi unachangia. Ligi Kuu ya Uskoti ina klabu 12, na kila moja inakutana na kila mpinzani mara tatu, jumla ya mechi 33. Baada ya hapo ligi inakatwa vipande viwili: timu sita za juu zinacheza zenyewe kwa zenyewe, na sita za chini vivyo hivyo, kwa mechi tano za mwisho. Utaratibu huu ulianza msimu wa 2000/01 na una vituko vyake, kwa mfano timu ya saba inaweza kumaliza msimu ikiwa na pointi nyingi kuliko timu ya sita na bado ikabaki ya saba. Kwa mwamuzi, maana yake ni kwamba sura ni zile zile. Beki uliyemwonyesha kadi nyekundu mwezi Oktoba utakutana naye tena Januari, pengine na Aprili pia, na kocha wake hajasahau.

Juu ya hayo yote kuna Celtic na Rangers, watani wa jadi wa jiji la Glasgow. Hadi msimu wa 2024/25 ulipomalizika, kila mmoja alikuwa ametwaa ubingwa mara 55, na tangu Aberdeen ya Alex Ferguson ilipotwaa taji mwaka 1985 hakuna klabu nyingine iliyowahi kuwapokonya. Celtic ilianzishwa mwaka 1887 na mtawa wa Kikatoliki, Bruda Walfrid, ili kuchangisha fedha za kuwalisha maskini wa mashariki ya jiji, wengi wao wahamiaji kutoka Ireland. Rangers ikawa klabu ya Waprotestanti, na kwa miongo mingi haikuwa ikisajili Wakatoliki waziwazi, mpaka ilipomchukua Maurice Johnston mwaka 1989. Katika mazingira hayo mwamuzi hapimwi kwa uamuzi wake peke yake. Watu wanauliza amesoma shule gani, na jina lake ni la upande upi.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuikumbuka dabi ya Machi 25, 2012 katika uwanja wa Ibrox, kwa kuwa Mkenya Victor Wanyama, kiungo wa Celtic, alikuwamo. Rangers ilikuwa imeshawekwa chini ya msimamizi wa ufilisi, na Celtic ingetangaza ubingwa kwenye uwanja wa mtani kama ingeshinda. Ikalala 3-2. Mwamuzi Calum Murray alitoa kadi nyekundu tatu, mbili kwa Celtic, na moja kati ya hizo ikamwangukia Wanyama. Kocha wa Celtic, Neil Lennon, naye alipelekwa jukwaani wakati wa mapumziko kwa kuzozana na mwamuzi. Miezi michache baadaye, Novemba 7, 2012, kiungo huyo huyo aliyevaa jezi namba 67 aliifunga Barcelona kwa kichwa baada ya kona, katika ushindi wa 2-1 nyumbani, Celtic Park. Huwa nawaonyesha wanafunzi mechi zote mbili, kwa sababu uchezaji wake wa nguvu ulikuwa ule ule Ibrox na Celtic Park, na mwamuzi hana budi kujua mpaka uko wapi kabla mchezaji hajaufikia.

Mwamuzi wa Uskoti ameonja hatari ya mwili pia. Mei 2, 1999, Rangers ilipotwaa ubingwa kwa kuifunga Celtic 3-0 kwenye uwanja wa Celtic, mwamuzi Hugh Dallas alipigwa na sarafu iliyorushwa kutoka jukwaani. Alipiga goti huku damu ikimtoka kichwani, akatibiwa, akasimama, na muda mfupi baadaye akawapa Rangers penalti. Tangu siku ile dabi hiyo imekuwa ikichezwa mapema, mara nyingi saa sita mchana, ili watu wasipate muda wa kunywa.

Hata hivyo, tukio lililoutikisa uamuzi wa Uskoti kuliko yote halikuwa na damu. Oktoba 17, 2010, Dundee United waliikaribisha Celtic katika uwanja wa Tannadice. Gary Hooper, mshambuliaji wa Celtic, aliangushwa akikabiliana na kipa, na mwamuzi Dougie McDonald akaonyesha alama ya penalti. Akasita, akaenda kuzungumza na msaidizi wake, Steven Craven, kisha akaifuta penalti ile. Kwa picha za marudio, kuifuta kulikuwa sahihi, kwa kuwa kipa aliugusa mpira. Isitoshe, Celtic walishinda mechi, 2-1. Kwa hiyo haki ilitendeka uwanjani, na aliyenyimwa penalti aliondoka na pointi zote tatu. Jambo lingeweza kuishia pale.

Halikuishia. McDonald alimweleza Lennon kwamba ni Craven aliyemwita na kumshauri abadili uamuzi, wakati ukweli ni kwamba McDonald alikuwa ameshatambua kosa lake mwenyewe. Ulikuwa uongo mdogo, wa aina ambayo naamini waamuzi wengi wamewahi kushawishika kuusema wakiwa kwenye ujia wa vyumba vya kubadilishia nguo na kocha amewasimamia mbele. Craven alijiuzulu na kueleza hadharani kilichotokea. McDonald alipewa onyo na chama cha soka, na kabla Novemba haijaisha naye alistaafu.

Kwa kuwa sasa palikuwa na uongo uliothibitishwa, kila uamuzi wa kila mwamuzi ukaanza kutiliwa shaka, na waamuzi wa daraja la juu walipoona uadilifu wao unashambuliwa na usalama wao uko mashakani, waligoma wikiendi ya mwisho ya Novemba 2010. Chama cha soka kikalazimika kutafuta waamuzi nje. Baadhi ya nchi zilizoombwa zilijitoa, lakini walipatikana kutoka Luksemburg, Israeli na Malta, na mechi zilizonusurika na theluji zikachezwa.

Hapa lazima nitaje jambo ambalo mashabiki husahau: waamuzi hawa kwa kawaida hawaishi kwa soka. Willie Collum, aliyechezesha mechi kubwa za nyumbani na za Ulaya, alikuwa mwalimu wa somo la dini. Mtu anachezesha dabi Jumapili, na asubuhi ya Jumatatu anakabiliana na darasa ambalo nusu yake ilikuwa na maoni kuhusu penalti ile.

VAR, yaani mwamuzi msaidizi anayetazama picha za video, ilipoanza kutumika Ligi Kuu, Oktoba 21, 2022, katika mechi ya Hibernian na St Johnstone, wengi walitarajia kelele zipungue. Desemba 30, 2023, Celtic ikiwa mwenyeji wa Rangers, beki wa Celtic Alistair Johnston aliugusa mpira kwa mkono ndani ya eneo la hatari akiwa anakabana na Abdallah Sima wa Rangers. Mwamuzi Nick Walsh hakutoa penalti, na Collum, aliyekuwa kwenye chumba cha VAR, hakumwita kwenye skrini. Celtic wakashinda 2-1. Baadaye ikaelezwa kwamba Sima alikuwa ameotea kabla ya mpira kuguswa, kwa hiyo penalti isingesimama kwa vyovyote. Rangers waliomba wasikilizishwe sauti za mazungumzo ya waamuzi. Hoja yao, ambayo mimi naiona ilikuwa na uzito, ni kwamba sababu ya kuotea ilijitokeza baada ya lawama na si wakati uamuzi ulipokuwa ukifanywa. Kwa mara nyingine matokeo ya uamuzi yalikuwa yanatetewa vizuri, na maelezo ndiyo yaliyokuwa yanasuasua.

Mwaka 2024 Collum alistaafu na kupewa uongozi wa waamuzi wote wa Uskoti, na moja ya mambo aliyoyaanzisha ni kipindi cha video ambamo anapitia matukio yenye utata na kusema waziwazi palipokosewa. Ninakipenda, ingawa kina kasoro mbili. Kinatoka wakati hasira zimeshaganda, na anayesema ni mkuu wa waamuzi, wakati shabiki angependa kumsikia yule aliyepuliza filimbi. Lakini chumba cha VAR kinarekodi mazungumzo yake yote, na mwamuzi anajua kwamba mkuu wake atayasikiliza kabla ya wiki kwisha. Maelezo kama yale ya Tannadice, yakitolewa leo kwa kocha mlangoni mwa chumba, hayangedumu hata mpaka mechi inayofuata.